Shingo Isiyovimba: Uchambuzi wa Kisa cha Tezi ya Thairoidi kutoka Miinuko ya Uporoto

Mgonjwa anayezungumziwa hapa ni mama wa miaka 38, mkulima wa viazi mviringo katika kijiji kimoja cha miinuko ya Uporoto, kandokando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu. Nitamwita Mama Lusajo, ingawa si jina lake, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha au kuyabadilisha. Aliridhia kisa chake kiandikwe kwa sababu ana dada wawili wanaolalamika kama alivyokuwa akilalamika yeye, na kwa sababu anaamini kwamba muda alioupoteza akitibiwa magonjwa mengine ungeweza kuokolewa na kipimo kimoja cha damu, cha kuangalia tezi ya thairoidi iliyo mbele ya koo. Ninakubaliana naye, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu kwa nini kipimo hicho kilichelewa kuombwa.

Kilichomleta kliniki hakikuwa shingo, wala hakikuwa uchovu. Ilikuwa ganzi ya mikono. Wakati wa mavuno yeye ndiye aliyekuwa akishona midomo ya magunia kwa shazia kabla lori halijafika, na sasa vidole vitatu vya kila mkono, kuanzia gumba hadi cha kati, vilikuwa vikifa ganzi kiasi kwamba shazia humponyoka. Usiku aliamka na kukung'uta mikono ili hisia zirudi. Alipoulizwa kwa utaratibu, mengine yalijitokeza moja baada ya jingine, naye akiyataja kana kwamba hayahusiani: uchovu usioondoka hata baada ya usingizi wa usiku kucha, choo kigumu kinachopatikana mara moja kwa siku nne au tano, hedhi nzito inayodumu zaidi ya wiki, nywele zinazobaki kwenye kitana, na kusahau ahadi alizozitoa juzi tu. Kadi yake ya kliniki ya mtoto wa mwisho ilionyesha kilo 61. Siku hiyo mizani ilionyesha kilo 74, ilhali alikuwa akila kidogo kuliko zamani. Mwaka uliotangulia mimba yake iliharibika ikiwa na wiki kama kumi.

Kwa muda wa miaka miwili alikuwa amezunguka vituo kadhaa vya tiba, na kila mahali alipewa jibu ambalo kwa upande wake halikuwa la kipuuzi. Mahali pamoja walipima wingi wa damu, wakakuta umepungua, wakampa vidonge vya kuongeza damu, na vidonge hivyo aliendelea kuvichukua mara kwa mara. Pengine alitibiwa UTI, pengine taifodi, kisha akaambiwa ana presha, kisha akaambiwa ni mambo ya umri na kwamba hedhi inakaribia kukoma. Nyumbani nako kulikuwa na tafsiri zake. Mume wake, ambaye kwa haki niseme ndiye aliyemlipia nauli na kukaa naye siku nzima kwenye benchi, alikiri kwamba kwa muda fulani alidhani mke wake amekuwa mvivu. Dada mwingine wa mgonjwa, anayeishi Dar es Salaam na aliyekuwa akiongea naye kwa simu tu, alimpigia shemeji yake kwa siri kuuliza kama Mama Lusajo ameanza kunywa pombe, kwa sababu sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na maneno yalitoka taratibu kama ya mtu aliyelewa.

Sauti hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyopaswa kumshtua mtu yeyote. Mtu anayeonana na mgonjwa kila siku hazioni dalili zinazokuja polepole; uso unavimba kidogo kidogo, na familia inauzoea. Yule aliye mbali, anayesikia sauti mara moja kwa mwezi, ndiye anayegundua kwamba huyu si mtu yule. Ningependa wahudumu wa afya tuwe na mazoea ya kuuliza swali moja rahisi: je, kuna ndugu aliyekaa muda mrefu bila kukuona, na alisema nini alipokuona au alipokusikia?

Uchunguzi wa mwili ulifanyika asubuhi ya Julai, naye akiwa amevaa sweta mbili, kitenge na blanketi begani. Hili linahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndilo lililokuwa pazia la ugonjwa wake. Kutosikia joto, yaani kuona baridi kupita wengine, ni dalili ya wazi ya thairoidi iliyolegea, yaani isiyotoa homoni za kutosha, lakini katika Uporoto, kama ilivyo Makete au sehemu za juu za Mufindi, mwezi Juni na Julai hakuna asiyeona baridi. Ukimwuliza mtu wa huko kama anasikia baridi, atakushangaa. Swali linalofaa ni la kulinganisha: je, wewe unasikia baridi wakati wenzako wamevua masweta? Mama Lusajo alijibu kwamba hata mwezi Oktoba, jua likiwa kali shambani, watoto wake walikuwa wakimcheka kwa kukaa na sweta, na usiku mume alihamia upande mwingine wa kitanda kwa sababu miguu yake ilikuwa baridi sana.

Mapigo ya moyo yalikuwa 52 kwa dakika. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 35.6. Shinikizo la damu lilikuwa 138 kwa 98, namba ya chini ikiwa imepanda zaidi kuliko ile ya juu, jambo ambalo ni la kawaida kwa thairoidi iliyolegea kwa kuwa mishipa midogo ya damu hukaza. Ngozi ya mikono ilikuwa kavu na yenye magamba, kope zimevimba, na nyusi zilikuwa zimepukutika upande wa nje. Miguu ilikuwa imevimba, lakini ukiibonyeza kwa kidole haibaki na shimo, tofauti na uvimbe wa moyo au wa figo. Shingo ilikuwa laini kabisa kwa macho. Kwa kupapasa, tezi haikuhisiwa vizuri, na akimeza mate hakuna kilichopanda.

Kipimo kilichoamua mwelekeo hakikuhitaji umeme wala dawa ya maabara. Mgonjwa alipiga magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia nje, na mshipa mkubwa ulio juu ya kisigino ukagongwa kwa nyundo ndogo ya mpira. Kwa mtu mzima mwenye afya, wayo huruka na kurudi mara moja, haraka kiasi kwamba huwezi kuzitenganisha hatua hizo mbili. Wayo wake uliruka kama kawaida, halafu ukarudi polepole, ukijivuta, hata mume wake aliyesimama pembeni akaona na kuuliza kwa nini. Kulegea huko kwa kuchelewa ni alama inayofahamika tangu zamani, na ingawa haiwi kwa kila mgonjwa, ikionekana pamoja na mengine yote haya inapaswa kumfanya daktari aandike fomu ya maabara palepale.

Mama mkwe, aliyekuwa amesindikiza, alipoambiwa kwamba huenda ni tezi ya shingo, alikataa kwa upole lakini kwa uhakika.

"Daktari, mwanangu huyu hana tezi. Tezi sisi tunaijua. Mimi mwenyewe ninalo."

Kweli alikuwa nalo: rovu la ukubwa wa ngumi, la miaka mingi, lililokuwa limefunikwa na mtandio. Kauli yake ndiyo kiini cha kisa hiki. Katika Nyanda za Juu Kusini, kizazi chake kilijifunza kuitambua thairoidi kwa macho. Udongo wa milimani, unaooshwa na mvua nyingi kwa karne na karne, hupoteza madini joto, na mahindi, viazi, maharage na kabichi zinazoota humo huwa na madini hayo kwa uchache. Samaki wa baharini, ambao ndio chakula chenye madini joto ya kutosha, walikuwa mbali. Tezi ikikosa madini joto hukua ili ikamate hata kile kidogo kinachopita kwenye damu, na kukua huko ndiko rovu. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1980 wilaya za Tanzania zilizoathirika zaidi, nyingi zikiwa kwenye nyanda za juu, zilipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 ikawa sharti la kisheria kwamba chumvi ya kula iwekewe madini hayo. Matokeo yalikuwa makubwa: kitaifa, rovu miongoni mwa watoto wa shule lilishuka kutoka asilimia kama 25 katika miaka ya 1980 hadi asilimia kama 7 katika utafiti wa mwaka 2004. Ni mojawapo ya mafanikio ya afya ya jamii ambayo hayasifiwi inavyostahili, labda kwa sababu yameingia kwenye kila nyumba ndani ya pakiti ya chumvi.

Lakini mafanikio hayo yamebadilisha sura ya ugonjwa, na mazoea yetu hayajabadilika nao. Pale ambapo madini joto yanapatikana ya kutosha, chanzo kikuu cha thairoidi kulegea huwa ni kinga ya mwili yenyewe kuishambulia tezi, hali iliyoelezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto, ambaye jina lake limebaki kwenye ugonjwa huo. Huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na huzunguka ndani ya ukoo. Wakati mwingine tezi huvimba kwanza. Wakati mwingine, kama kwa Mama Lusajo, husinyaa kimyakimya hadi isiweze kufanya kazi, na shingo hubaki nyembamba kama ya msichana. Anayesubiri rovu litokee ndipo aamini, atasubiri bure.

Ili majibu ya maabara yaeleweke, ni vyema kukumbuka jinsi tezi hii inavyoendeshwa. Iko mbele ya koo, chini kidogo ya zoloto, na kwa mtu mzima ina uzito wa gramu kama 15 hadi 25 tu. Inatumia madini joto kutengeneza homoni mbili: T4, yenye atomu nne za madini hayo, ambayo ni kama akiba inayosafirishwa, na T3, yenye atomu tatu, ambayo ndiyo inayofanya kazi ndani ya seli. Karibu kila kiungo kinaitegemea: moyo kwa kasi yake, utumbo kwa mwendo wake, ngozi na nywele kwa kuota kwake, ubongo kwa wepesi wake, ini kwa kuondoa lehemu kwenye damu, mfuko wa uzazi kwa mpangilio wa hedhi. Anayeisimamia ni tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, kwa kutuma homoni iitwayo TSH. Homoni za thairoidi zikipungua, pituitari huongeza TSH, kama mnyapara wa shamba la chai anayepaza sauti kadiri wachumaji wanavyozidi kuchelewa. Kwa hiyo TSH iliyo juu sana maana yake ni kwamba amri inatolewa kwa nguvu lakini tezi yenyewe haiwezi kuitikia.

Jambo hili lilikuwa na umuhimu wa pekee kwa mgonjwa huyu, kwa sababu alipojifungua mtoto wa mwisho alipoteza damu nyingi. Mwanamke akivuja damu sana wakati wa kujifungua, pituitari inaweza kufa kwa kukosa damu, na thairoidi ikalegea kwa kukosa wa kuiamuru. Tofauti kati ya hali hizi mbili si ya kitaaluma tu. Pituitari ikiwa imeharibika, tezi zilizo juu ya figo nazo hukosa amri, na ukimpa mgonjwa huyo homoni ya thairoidi kabla ya kumpa ile ya tezi za juu ya figo, unaweza kumuua. Mama Lusajo alinyonyesha bila shida baada ya uzazi huo na hedhi yake ilirudi, tena kwa wingi; hayo yalielekea kuiondoa pituitari kwenye shaka, lakini ilibidi maabara ithibitishe.

Damu ilipelekwa Mbeya mjini, kwa kuwa kituo alichofikia hakikuwa na mashine ya kupima homoni. Majibu yalisema TSH ni 86, wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 0.4 na 4.0, T4 huru ilikuwa 3.1, wakati kawaida ni 12 hadi 22. Wingi wa damu ulikuwa 9.2, lehemu ilikuwa juu, na chumvichumvi ya sodiamu kwenye damu ilikuwa imeshuka kidogo. Kipimo cha mawimbi kilionyesha tezi ndogo isiyo na ulinganifu, na kipimo cha moyo kilionyesha maji kidogo ndani ya kifuko cha moyo, yasiyotosha kuubana. Kingamwili dhidi ya thairoidi hazikupimwa kwa sababu ya gharama. Niliona ni uamuzi sahihi: jibu lake lisingebadilisha tiba, na fedha hiyo ilitosha kununua dawa ya miezi kadhaa.

Kwa majibu hayo, yale yote aliyokuwa ametibiwa kipande kipande yalipata chanzo kimoja. Upungufu wa damu ulitokana na hedhi nzito na uzalishaji mdogo wa chembe nyekundu. Presha ilitokana na mishipa iliyokaza. Ganzi ya vidole ilitokana na tishu za kifundo cha mkono kujaa maji na kuubana mshipa wa fahamu unaopita humo. Sauti ilitokana na uvimbe wa namna hiyohiyo kwenye nyuzi za sauti. Kupotea kwa mimba hakuwezi kuthibitishwa kwamba kulitokana na hayo, ila inafahamika kwamba thairoidi iliyolegea bila kutibiwa huongeza hatari hiyo, na kwamba katika wiki za mwanzo mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mama kikamilifu, kwa kuwa tezi yake mwenyewe huanza kufanya kazi kwenye wiki ya 12 hivi.

Kulikuwa pia na sababu ya kutochelewa zaidi. Mtu mwenye thairoidi iliyolegea kwa kiwango hiki, akipatwa na homa ya mapafu, akipewa dawa kali ya usingizi, au akikaa usiku kucha kwenye baridi ya Julai ya Uporoto, anaweza kuporomoka: joto la mwili hushuka, fahamu hupotea, kupumua hupungua, na wengi wanaofikia hapo hufariki hata wakilazwa hospitali nzuri. Mama Lusajo alikuwa bado anatembea na kujibu maswali, lakini hakuwa mbali sana na ukingo huo.

Alianzishiwa levothairoksini, ambayo ni T4 ileile inayotengenezwa kiwandani, kwa dozi ya mikrogramu 50 kwa siku, ikapandishwa hadi 100 baada ya wiki tatu. Dozi kamili kwa mtu mzima hukadiriwa kwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, lakini kwa kuwa moyo wake ulikuwa umezoea kwenda polepole na kulikuwa na maji kwenye kifuko chake, haikuwa busara kuupa mzigo wote kwa siku moja. Aliambiwa asitegemee nafuu ya haraka. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake ikiondoka kwa takriban siku saba, na ndiyo maana kipimo cha TSH kabla ya wiki sita hadi nane hakina maana kubwa.

Wiki ya nane TSH ilikuwa 41. Imeshuka, ndiyo, lakini si inavyopaswa kushuka kwa dozi ile, na mgonjwa mwenyewe alisema choo kimelegea kidogo na basi. Hapa ndipo penye kishawishi cha kuandika dozi kubwa zaidi na kumwita mgonjwa anayefuata. Badala yake aliombwa aeleze, hatua kwa hatua, asubuhi yake inakwendaje.

"Nikiamka nawasha moto, nachemsha chai ya maziwa. Vidonge vyote naviweka kwenye kiganja, hiki cha shingo na vile vya damu, namezea chai. Tumbo tupu linaniuma, daktari."

Jibu lilikuwa ndani ya kiganja hicho. Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu hushikamana na levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Kalsiamu ya maziwa hufanya vivyo hivyo, na chai au kahawa nayo hupunguza ufyonzwaji wake. Vidonge alivyopewa kwa ajili ya upungufu wa damu, ambao chanzo chake kilikuwa thairoidi, ndivyo vilivyokuwa vikiiba dawa ya thairoidi. Hakuna aliyemwelekeza vibaya kwa makusudi. Kwenye bahasha ya dawa paliandikwa "1x1", na kwa mkulima wa Rungwe asubuhi bila chai ya maziwa ni jambo la kuelezwa kwa sababu zake, si la kudhaniwa.

Mpango ulibadilishwa ufuate maisha yake. Kwa kuwa huamka saa kumi na moja alfajiri na chai huwa tayari yapata saa moja asubuhi, kabla ya kwenda shambani, alishauriwa ameze kidonge cha thairoidi mara anapoamka, kwa maji matupu ya kikombe kimoja, kabla hajagusa kuni. Hadi chai ichemke, zaidi ya nusu saa huwa imepita. Vidonge vya damu vilihamishiwa baada ya chakula cha jioni, mbali na kidonge cha alfajiri kwa zaidi ya saa nne zinazohitajika. Aliambiwa pia kwamba akisahau alfajiri anaweza kumeza usiku, muda wa saa tatu ukiwa umepita baada ya kula, ila usiku huo aache vidonge vya damu. Dozi haikuongezwa. Wiki nane baadaye TSH ilikuwa 6.8, na kipimo kilichofuata, baada ya kuongezewa mikrogramu 12.5 tu, kilikuwa 2.9.

Kati ya vipimo hivyo kulikuwa na kazi nyingine ya mazungumzo. Jirani alimshauri ale chumvi kwa wingi, kwa kuwa "tezi ni chumvi". Mwingine akamkataza kabichi kabisa. Kuhusu chumvi, jibu lilikuwa wazi: mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha 250, kiasi kinachopatikana kwenye chumvi ya kawaida ya mapishi yenye madini joto. Tezi inayoshambuliwa na kinga haiponi kwa kuongezewa madini joto. Kinyume chake, madini mengi kupita kiasi yanaweza kuilegeza zaidi. Hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kurudia chumvi ya mawe isiyo na madini, ambayo bado huuzwa kwa kopo katika baadhi ya magulio, kwa sababu ndani ya nyumba hiyohiyo kuna watoto wanaokua. Walishauriwa kununua yenye madini joto, kuihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na mvuke wa jiko, na kuitia chakula kinapokaribia kuiva. Kuhusu kabichi hakukuwa na sababu ya kuikataza kwa mtu anayemeza dawa na anayekula kabichi iliyopikwa.

Kizito zaidi kilikuwa neno "maisha". Mume aliposikia kwamba dawa ni ya maisha yote, alinyamaza, kisha akauliza kama hiyo si njia nyingine ya kusema ugonjwa hauna tiba. Nilimsimulia habari za mwanamke wa miaka 46 aliyetibiwa Uingereza mwaka 1891 na daktari George Murray, kwa sindano za maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Kabla ya hapo wagonjwa wa aina yake walikuwa wakififia hadi kufa. Mama yule aliendelea na dawa hiyo, baadaye kwa kumeza, na akaishi hadi mwaka 1919, akiwa na miaka 74. Kidonge cha leo ni homoni safi, yenye kipimo kinachojulikana, na anayekimeza sawasawa hana sababu ya kuishi miaka michache kuliko jirani yake. Mume alielewa, na tangu hapo yeye ndiye anayekumbuka tarehe ya kununua dawa Mbeya, ambako huchukua ya miezi miwili kwa mara moja kwa sababu maduka ya karibu hayana uhakika wa kuwa nayo.

Baada ya miezi minane ya matibabu uzito ulikuwa kilo 67. Haukurudi kwenye 61, na hilo alielezwa mapema ili asikate tamaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachopungua ni maji, si mafuta. Mapigo ya moyo yalikuwa 70, presha 120 kwa 78 bila dawa yoyote ya presha, wingi wa damu 12.1, na maji kwenye kifuko cha moyo hayakuonekana tena. Ganzi ya mkono wa kushoto iliisha. Ya kulia ilibaki kidogo kwenye kidole gumba. Dada wa Dar es Salaam alipopigiwa simu alidhani anaongea na binti wa nyumba hiyo. Dada wawili wanaoishi kijijini walipimwa: mmoja alikuwa na TSH ya 11, na ameanza kufuatiliwa, wa pili alikuwa sawa, na uchovu wake unatafutiwa sababu nyingine. Mama mkwe naye alipimwa, kwa kuwa rovu la zamani lenye vinundu linaweza kuanza kutoa homoni kupita kiasi kwa mtu mwenye umri mkubwa; homoni zake zilikuwa za kawaida, na rovu halimbani koo, hivyo ameachwa nalo kama alivyotaka.

Lililobaki ni uzazi. Mama Lusajo na mume wake wanataka mtoto mmoja zaidi, na hilo sasa linawezekana bila hofu kubwa, ila kwa sharti. Mahitaji ya homoni hupanda mapema sana katika ujauzito, mara nyingi kabla mama hajafika kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo amepewa maelekezo ya maandishi, yaliyobandikwa ndani ya kadi yake: siku atakayojua ana mimba asisubiri miadi, aanze kumeza vidonge tisa vya thairoidi kwa wiki badala ya saba, yaani viwili kwa siku mbili za wiki na kimoja siku zilizobaki, apime TSH ndani ya wiki nne, na aendelee kupima kila baada ya wiki nne hadi katikati ya ujauzito, na vidonge vya kuongeza damu atakavyopewa kliniki, ambavyo hakika atapewa, avimeze jioni.